Futi Kamba Iko Mkononi mwa Nani?

Anayesafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma hujua amefika Gairo kabla ya kusoma kibao. Nchi inafunguka, upepo unabadilika, na pembeni mwa barabara viazi vitamu vimepangwa mafungu kwa mafungu. Viazi vya Gairo vina jina nchini. Na penye viazi pana gunia, na penye gunia pana lumbesa: lile gunia linaloongezewa kilemba juu, likashonewa kamba hadi likavimba kama lina mimba, kisha likahesabiwa kuwa gunia moja tu. Sheria ya Vipimo inalikataza. Wakala wa Vipimo hulipigia kelele kila msimu. Mkulima mwenyewe anajua kwamba anapunjwa. Lakini mwenye lori ndiye mwenye bei, na viazi vikishachimbwa havisubiri.

Katika wilaya hiyo hiyo kuna mali nyingine ambayo dunia imeanza kuipima na kuipangia bei, nayo haiingii kwenye gunia lolote. Ni kaboni iliyojificha ndani ya miti. Maswali ambayo mkulima wa viazi amekuwa akiuliza kwa miaka mingi ndiyo hayo hayo yanayostahili kuulizwa juu ya misitu: anayepima ni nani, anatumia kipimo gani, na anayepimiwa anaweza kurudia hesabu ile kwa mkono wake mwenyewe?

Gairo ni mahali pazuri pa kuuliza. Ilikuwa sehemu ya Kilosa hadi mwaka 2012 ilipopata kuwa wilaya inayojitegemea, na ndani ya mipaka yake kuna karibu kila aina ya msitu inayomsumbua mtaalamu wa kaboni. Upande unaoelekea Dodoma ardhi ni kavu, miti ni mifupi, na vichaka vya miombo vinagombaniwa na jembe, ng'ombe na tanuri la mkaa. Ukipanda milimani kuelekea Nongwe na Mandege, hali inageuka kabisa. Kuna baridi, kuna ukungu, na juu kwenye migongo ya milima ya Ukaguru kuna msitu wa asili wa Mamiwa-Kisara, miti mirefu iliyovikwa ukoga na kuvu. Na huko huko milimani lipo Shamba la Miti Ukaguru, linalosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, ambako miti ya kupandwa imesimama kwa safu kama wanafunzi kwenye paredi.

Msitu wa aina tatu, basi: wa ukame, wa ukungu na wa kupandwa. Kila mmoja unahifadhi kaboni kwa namna yake, na kila mmoja unadai hesabu yake.

Ukaguru ni mojawapo ya safu 13 za Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya, ikapita Upare, Usambara, Nguu na Nguru, ikateremka hadi Udzungwa na Mahenge. Uluguru, mlima unaoupa mji wa Morogoro kivuli na maji, umo katika mnyororo huo huo. Kwa miaka mingi milima hii imesifiwa kwa vyura, ndege na maua ambayo hayapatikani kwingine popote. Imesifiwa pia kwa mito: Ruvu, ambao Dar es Salaam inaunywa kila asubuhi, unachukua sehemu kubwa ya maji yake Uluguru. Sifa ya kaboni imekuja baadaye, na imekuja na fedha. Ndiyo maana inahitaji uangalifu zaidi.

Kazi yenyewe huanza na kitu rahisi kabisa. Futi kamba.

Mpimaji anausogelea mti, anahesabu mita 1.3 kutoka ardhini, urefu ambao wana misitu huuita usawa wa kifua, na hapo anauzungushia kamba. Kuna kamba maalumu ambazo upande mmoja zimeandikwa kipenyo moja kwa moja, ili mtu asihangaike kugawanya mzingo. Mti ukiwa kwenye mteremko, naye yuko Ukaguru ambako karibu kila mti uko kwenye mteremko, anasimama upande wa juu. Mti ukiwa umegawanyika chini ya usawa wa kifua, unahesabiwa kuwa miti miwili. Ukiwa na mizizi iliyotanuka kama mbawa kwenye shina, kipimo kinapandishwa juu ya mbawa hizo. Mtambaa uliouzunguka mti unasogezwa pembeni kwanza, maana kamba ikipita juu ya mtambaa, mti umenenepeshwa bila haki. Hiyo nayo ni lumbesa ya aina yake.

Haya mambo yanaonekana madogo. Si madogo. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kilichojengwa chini ya Uluguru mjini Morogoro, kimetumia miaka mingi kutafuta jinsi ya kugeuza unene wa mti kuwa uzito wake. Hakuna mizani ya kupimia mti uliosimama, kwa hiyo njia iliyobaki ni ya kikatili kidogo: mti unaangushwa, unakatwa vipande, shina na matawi yanapimwa, sampuli zinakaushwa kwenye tanuri la maabara mpaka maji yote yaishe, na kinacholeta jasho kuliko vyote, mizizi inachimbuliwa. Kwa ajili ya miombo, watafiti waliangusha miti 167 katika mikoa minne, na 80 kati ya hiyo wakaifuata hadi kwenye mizizi. Mwaka 2013 walichapisha mlinganyo uliotokana na jasho hilo, na mwaka 2016 SUA ikatoa kitabu kizima cha milinganyo ya aina hiyo kwa misitu mbalimbali ya Tanzania, kikihaririwa na Rogers Malimbwi na wenzake.

Chukua mti mmoja wa miombo wenye kipenyo cha sentimita 40. Kwa mlinganyo huo, sehemu yake iliyo juu ya ardhi ina uzito mkavu wa takriban kilo 965. Chini kidogo ya nusu ya uzito huo ni kaboni. Wataalamu hutumia asilimia 47, kwa hiyo ni kama kilo 450. Mti huo ukichomwa, kila kilo 12 za kaboni zinaungana na kilo 32 za oksijeni angani na kuwa kilo 44 za hewa ukaa. Mti mmoja, basi, umeshikilia zaidi ya tani moja na nusu ya hewa ukaa, na hapo mizizi haijaguswa.

Sasa chukua mti wa sentimita 20. Mtu angedhani uzito wake ni nusu ya ule wa kwanza. Kumbe haufikii hata moja ya tano. Mti unaponenepa mara mbili, uzito unapanda zaidi ya mara tano. Ndiyo sababu kukata mti mmoja mkubwa na kupanda miche kumi badala yake ni mahesabu yasiyolingana kwa miaka mingi sana, hata kama sherehe ya upandaji miti imepigwa picha nzuri. Na ndiyo sababu kosa la sentimita moja kwenye kamba lina bei. Anayesoma 41 mahali pa 40 ameongeza kilo 60 ambazo hazipo. Akirudia kosa hilo kwenye miti elfu moja, ameuza hewa.

Hakuna anayeweza kupima kila mti wa Tanzania. Kati ya mwaka 2009 na 2014 serikali, kwa msaada wa Finland na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, iliendesha tathmini ya misitu ya nchi nzima iliyojulikana kwa jina la NAFORMA. Timu zilitawanywa nchi nzima, kwenye nyika, kwenye mabonde na kwenye miteremko ambayo hata mbuzi huifikiria mara mbili, zikapima ploti zaidi ya 30,000. Kila ploti ni duara. Katikati panawekwa alama. Ndani ya mita moja ya kwanza vinapimwa hata vijiti, ndani ya mita 5 miti yenye kipenyo kuanzia sentimita 5, ndani ya mita 10 ile ya kuanzia sentimita 10, na hadi mita 15 ile minene ya kuanzia sentimita 20. Duara zima halifiki mita za mraba 710, mahali ambapo familia moja ya Gairo ingepanda matuta machache ya viazi. Kutokana na maduara hayo ndipo nchi ilipojua kwamba ina hekta milioni 48.1 za misitu, zaidi kidogo ya nusu ya ardhi ya Tanzania Bara.

Tathmini hiyo hiyo ilisema misitu inapotea kwa kasi ya hekta 372,000 hivi kila mwaka. Miaka michache baadaye takwimu rasmi ikapanda hadi zaidi ya hekta 469,000. Mashoka hayakunolewa ghafla kati ya ripoti moja na nyingine. Kilichobadilika zaidi ni hesabu: kipindi kilichoangaliwa, picha za setilaiti zilizotumika, namna ya kutofautisha msitu na shamba. Tofauti ya hekta karibu 100,000 kwa mwaka imetokana kwa sehemu kubwa na namna ya kuhesabu. Anayetaka kuelewa kwa nini kipimo kina nguvu kuliko hotuba aanzie hapo.

Tangu mwaka 2016 jukumu la kuziweka hesabu hizi pamoja liko Morogoro, kwenye Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni, kinachofahamika zaidi kwa herufi NCMC, kilichopewa makao SUA. Hapo ndipo takwimu za ploti hukutana na picha za setilaiti, na kutoka hapo Tanzania hupata takwimu za kupeleka kwenye mkataba wa kimataifa wa tabianchi. Kanuni za biashara ya kaboni zilizotolewa mwaka 2022 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira zimekipa kituo hicho nafasi katika kuratibu miradi. Kutoka Gairo hadi Morogoro ni karibu nusu ya safari ya kwenda Morogoro kutoka Dodoma. Basi linafika kwa saa chache. Lakini umbali kati ya mtu wa Mandege na takwimu ya msitu wa Mandege ni mrefu kuliko barabara hiyo.

Juu ya misitu ya milimani kuna habari ambayo ilistahili kutangazwa vijijini kwa kipaza sauti. Kwa muda mrefu, nchi isiyokuwa na vipimo vyake ilichukua takwimu ya jumla kutoka kwenye miongozo ya Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi, na takwimu hiyo kwa misitu ya milima ya Afrika ilikuwa tani 89.3 za kaboni kwa hekta. Mantiki yake ilieleweka: kadiri unavyopanda mlima, baridi inaongezeka, upepo unapiga, miti inapungua kimo. Mwaka 2021 kundi kubwa la watafiti likiongozwa na Aida Cuni-Sanchez likachapisha kwenye jarida la Nature vipimo vya ploti 226 kutoka nchi 12 za Afrika. Wastani ulikuwa tani 149.4. Karibu theluthi mbili zaidi ya ile iliyokuwa ikiandikwa vitabuni! Sababu mojawapo ni miti minene, yenye kipenyo cha zaidi ya sentimita 70, ambayo kwenye milima ya Afrika imebaki mingi kuliko ilivyodhaniwa.

Huku Morogoro jambo hilo lilikuwa limeshahisiwa. Mwaka 2004 Pantaleo Munishi wa SUA na Theodore Shear walichapisha makadirio ya kaboni ya misitu ya Usambara na Uluguru, wakionyesha kwamba misitu hii ya mawingu ni ghala kubwa kwelikweli, udongo wake ukiwemo. Mtu aliyewahi kupita kilele cha Bondwa huko Uluguru au kukanyaga sakafu ya msitu wa Ukaguru, pale mguu unapozama kwenye majani yaliyooza kabla ya kugusa ardhi, haoni ajabu. Ajabu ni kwamba ilichukua miaka mingi hivyo kwa takwimu za dunia kuukuta ukweli ambao kamba na majembe ya Morogoro yalikuwa yameanza kuuonyesha. Kwa miaka yote hiyo msitu wa mlimani uliandikwa kwa uzito pungufu. Mkulima wa viazi anaijua hali hiyo.

Je, mwanakijiji anaweza kupima mwenyewe? Swali hili lilishajibiwa, na lilijibiwa Morogoro.

Mapema miaka ya 2000, mradi wa utafiti uliofadhiliwa na Uholanzi na kuongozwa na Margaret Skutsch wa Chuo Kikuu cha Twente uliingia katika nchi kadhaa za Afrika na Asia ukiwa na wazo moja: wafundishe wanaoishi na msitu kupima kaboni yake. Upande wa Tanzania kazi iliongozwa na Eliakimu Zahabu wa SUA, na moja ya sehemu zake ilikuwa msitu wa Kimunyu wa kijiji cha Gwata, upande wa mashariki wa mji wa Morogoro, jirani na msitu wa Kitulangalo ambao SUA huutumia kwa mafunzo. Wanakijiji waliosoma darasa la saba walishika kamba, wakajifunza kuweka ploti, wakatumia kompyuta ndogo ya mkononi iliyounganishwa na GPS kutembea mpaka wa msitu wao. Vipimo vyao vilipolinganishwa na vya wataalamu, tofauti haikuwa kubwa. Gharama ya mwaka wa kwanza ilikuwa juu kwa sababu ya mafunzo. Miaka iliyofuata ikashuka, kwa kuwa hakuna posho ya kulala wala mafuta ya gari la kutoka mjini. Zahabu aliiandika kazi hiyo kwenye tasnifu yake ya udaktari mwaka 2008.

Hoja ya gharama ni nzuri, lakini iliyo nzito zaidi ni nyingine. Aliyeshika kamba anaweza kubisha. Akisomewa kwenye mkutano mkuu wa kijiji kwamba msitu wao umepungua kaboni, anaweza kusimama na kuuliza: ploti ipi, mti gani, mwaka gani? Asiyewahi kuishika atapiga makofi au atanung'unika, basi.

Mwaka 2008 Norway iliahidi Tanzania fedha nyingi, kroni milioni 500 kwa miaka mitano, kwa ajili ya mpango ambao kwa Kiswahili uliitwa MKUHUMI: kupunguza uzalishaji wa hewa ukaa unaotokana na ukataji miti ovyo na uharibifu wa misitu. Miradi ya majaribio ilifunguliwa sehemu mbalimbali. Mmoja wake ulikuja hapa nyumbani, Kilosa, sambamba na Lindi, chini ya Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu. Kuanzia 2009 hadi 2014 vijiji vilichora mipango ya matumizi ya ardhi, vikatenga hifadhi za misitu za vijiji, vikaunda kamati za maliasili. Kisha yakaja malipo ya majaribio. Yalitolewa kwa mtu mmoja mmoja, mbele ya watu, baada ya mkutano mkuu kuamua kiasi gani kibaki kwa shughuli za pamoja. Kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kuona msitu uliosimama ukileta noti mkononi bila gogo kutoka nje.

Kilosa ndiko neno gumu la wataalamu lilipopata sura. Wao husema juu ya uvujaji. Kijiji kikiufunga msitu wake, mchoma mkaa hafi kwa njaa; anavuka kilima na kuchoma kwa jirani. Kwenye daftari la kijiji cha kwanza kaboni imeokolewa, angani hakuna kilichookolewa. Kwa hiyo mpimaji mwaminifu lazima aangalie pia ng'ambo ya mpaka. Baadaye vijiji vya Kilosa viliingia katika mradi wa mkaa endelevu uliofadhiliwa na Uswisi, ambao ulichukulia kwamba mkaa utaendelea kuhitajika na ukajenga utaratibu juu ya ukweli huo: sehemu ya msitu wa kijiji inagawanywa vipande vya mraba vya mita 50 kwa 50 kama ubao wa drafti, kimoja kinavunwa na cha jirani kinaachwa, visiki vinachipua, na mzunguko mzima unachukua miaka 24. Yeyote anayeona magunia ya mkaa yaliyosimama kandokando ya barabara ya Gairo kwenda Dumila anaelewa kwa nini hesabu ya kaboni isiyozungumzia mkaa ni hesabu pungufu.

Malipo ya majaribio yalikwisha pamoja na mradi. Bei ya kaboni duniani ilikuwa imeporomoka, na watu waliotegemea kwamba noti zile zingerudi kila mwaka waliachwa na maswali. Kovu hilo lipo. Anayekuja leo na mkataba mpya wa kaboni Morogoro azungumze nalo kwanza.

Kwingine Tanzania mambo yamekwenda mbali zaidi. Wahadzabe wa bonde la Yaeda, kwa kushirikiana na kampuni ya Carbon Tanzania, wamekuwa wakiuza krediti za kaboni, yaani vyeti vya tani za hewa ukaa zilizozuiwa kwenda angani, tangu mapema miaka ya 2010. Vijana wao ndio wanaozunguka porini na kuandika wanachokiona. Katika wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vijiji vinane vinavyozunguka msitu wa Ntakata vimepokea mabilioni ya shilingi, na zahanati na madarasa yaliyojengwa yanaonekana kwa macho. Ng'ambo ya mpaka, pwani ya Kwale nchini Kenya, watu wa Gazi wanauza kaboni ya mikoko tangu 2013 kupitia Mikoko Pamoja, mradi unaohusu hekta 117 tu. Udogo huo una faida yake: mtu anaweza kuuzunguka msitu wote na kujua mti upi umekatwa.

Halafu likaja tetemeko la mwaka 2023. Magazeti ya Ulaya yalichapisha uchunguzi uliotilia shaka krediti nyingi za misitu zilizokuwa zimeuzwa duniani, na mwezi Agosti mwaka huo jarida la Science likatoa utafiti wa Thales West na wenzake juu ya miradi 26 katika nchi sita, Tanzania ikiwemo. Hitimisho lake liliuma: sehemu ndogo sana ya krediti zilizotarajiwa, kama asilimia 6, ndiyo iliyoonekana kuwakilisha msitu uliookolewa kweli. Miti ilikuwapo, na kwa kawaida kamba ilikuwa imesomwa sawasawa. Shida ilikuwa kwenye hadithi ya kile ambacho kingetokea bila mradi. Ukisema msitu huu ungeteketea wote ndani ya miaka 10, kisha ukabaki nusu, umeokoa mwingi kwenye karatasi. Ukisema ungepungua kidogo tu, umeokoa kidogo. Makadirio hayo hufanyika ofisini, mbali na mti, na ndiyo sehemu ya hesabu ambayo wanakijiji huonyeshwa mara chache kuliko zote. Kilemba cha lumbesa ya kaboni hukaa pale.

Wapo wanaotumaini kwamba mtambo utaondoa mabishano. Ni kweli setilaiti zimeleta mapinduzi. Picha za Landsat zinakusanywa tangu mwaka 1972, na zinaonyesha shamba jipya lililofunguliwa msituni hata kama hakuna mgambo aliyefika. Kwa Uluguru na Ukaguru kuna kikwazo chenye asili yake: mawingu yale yale yanayouneemesha msitu ndiyo yanayouficha machoni pa kamera. Ndiyo maana wengi walisubiri kwa hamu tarehe 29 Aprili 2025, siku Shirika la Anga za Juu la Ulaya liliporusha setilaiti iitwayo Biomass, yenye rada ya mawimbi marefu inayopenya mawingu na majani na kurudishwa na mashina na matawi makubwa. Lakini rada nayo hairudi na kilo. Inarudi na mwangwi, na mwangwi huo haugeuki kuwa tani mpaka ulinganishwe na ploti ambayo mtu aliingia kwa miguu akaipima kwa kamba. Mtambo wa angani unaegemea duara la mita 15 lililoko mahali fulani kwenye mteremko wenye utelezi.

Uluguru pana mfano wa malipo ambao haukuhitaji rada. Kati ya 2006 na 2012, mashirika ya CARE na WWF yaliwaunganisha wakulima wa Kibungo Juu na watumiaji wa maji wa mjini, wakiwemo shirika la maji la Dar es Salaam na kiwanda cha Coca-Cola. Mkulima alichimba matuta ya makingamaji na kupanda miti, akalipwa kwa hekta, ili tope lipungue kwenye Ruvu. Mkulima aliliona tuta lake, mlipaji aliona maji. Kila upande ulikuwa na kitu cha kuelekeza kidole. Kaboni haina maji ya kuonyesha. Kinachobaki kuonyeshwa ni daftari.

Kwa hiyo daftari hilo liwepo kijijini. Nakala ya ploti za msitu wa kijiji, namba ya kila mti na kipenyo chake, ikae kwenye ofisi ya mtendaji pamoja na ramani na muhtasari wa mikutano, kwa Kiswahili, na isomwe kama yanavyosomwa mapato na matumizi. Makadirio ya kile ambacho kingetokea bila mradi yaelezwe kabla ya mkataba kusainiwa, siyo baada ya hapo. Na kijana wa Nongwe au Chanjale anayemaliza shule afundishwe kushika kamba na kusoma mlinganyo. Hesabu yake haizidi ile ya kidato cha nne. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zimeshakipa kijiji msitu wake. Kipimo kingefuata njia hiyo hiyo.

Sehemu ya ploti za taifa ni za kudumu. Alama zake zimewekwa ili timu irudi miaka ijayo, ipime miti ile ile na kuona imenenepa kiasi gani. Timu inaporudi huja na ramani, dira, GPS na fomu ndefu. Kwenye fomu hiyo kuna mahali pa kuandika jina la kisayansi la mti, na kando yake mahali pa kuandika jina la wenyeji. Mtaalamu wa mimea akikwama, na kwenye ukungu wa Ukaguru hukwama, hupasua gome kidogo, hunusa, halafu humgeukia mzee wa kijiji aliyekuja kuwaongoza njia na kumuuliza mti huo Wakaguru wanauitaje. Mzee huugusa, hutazama juu kwenye majani, akautaja. Kalamu huandika, na mtu wa kamba huendelea na mti unaofuata.